Wembe wa oda huanzia mgongoni

Siku moja nililetewa wembe niunoe. Ulikuwa wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani, wenye bapa moja refu linalojificha ndani ya mpini. Mwenye nao aliuagiza kwa fundi, akasubiri miezi, na ulipofika ulikuwa na mpini wa mpingo uliong'arishwa mpaka unajiona ndani yake, washa (vijiduara vya kushikilia pini) za shaba, na jina lake limechorwa kwenye chuma. Niliyapaka makali wino mweusi, nikaulaza juu ya kinoo, nikausukuma mara mbili tatu. Wino uliondoka kwenye kisigino na kwenye ncha. Katikati ulibaki vilevile. Nikaugeuza. Upande wa pili wino uliondoka katikati tu, huku na huku ukabaki. Bapa lilikuwa limepinda, kiasi cha unene wa karatasi chache, na aliyelitengeneza alilimalizia hivyohivyo, akalivalisha mpini mzuri, akaliuza.

"Lakini huu si wa oda?" aliniuliza mwenyewe.

Ulikuwa wa oda, kwa maana kwamba aliuagiza. Mti wa mpini alichagua yeye, washa alichagua yeye, jina ni lake. Ila kuhusu sehemu inayogusa ngozi yake, hakuna mtu aliyechagua chochote. Hapo ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu maneno "wembe wa oda" siku hizi yanafunika kazi nne au tano zisizofanana hata kidogo, na mnunuzi hulipia jina bila kujua amepata kazi ipi.

Anayeshonesha nguo analielewa jambo hili bila kufundishwa. Fundi akichukua shati la dukani, akakubadilishia vifungo na kukutarizia jina mfukoni, huwezi kusema umeshonesha. Umeshonesha pale alipokupima, akaona bega lako la kulia limeshuka kidogo, akakata kitambaa kwa ajili ya bega hilo. Kwenye wembe pia kuna mahali pa kupima na mahali pa kutarizi, na mpini karibu wote uko upande wa kutarizi.

Tuufungue wembe kwanza ili tuelewane. Bapa lina makali upande mmoja na mgongo mnene upande wa pili. Mwisho wa makali ulio karibu na mkono ni kisigino, ule wa mbali ni ncha. Baada ya kisigino chuma hupungua upana na kuwa shina, pale vidole vinaposhika, kisha humalizikia kwa mkia mdogo uliopinda ambao kidole cha mwisho huukalia. Shina limetobolewa, pini hupita kwenye tundu hilo na kulifunga kati ya vibao viwili vya mpini. Upande wa pili wa mpini kuna kabari inayovitenganisha vibao. Upana wa bapa hupimwa kwa sehemu za nane za inchi, desturi ya zamani ambayo mafundi bado wanaifuata: 5/8 ni karibu milimita 16, 6/8 ni 19, na 8/8 ni inchi kamili, milimita 25.4.

Sasa angalia wembe huu unavyonolewa. Kisu unakiinua juu ya kinoo na kushikilia pembe kwa mkono wako. Wembe huuinui. Unaulaza kabisa, mgongo na makali vyote vinagusa jiwe kwa wakati mmoja, halafu unausukuma. Maana yake ni kwamba pembe ya makali haiamuliwi na anayenoa. Iliamuliwa siku fundi alipochagua unene wa mgongo na upana wa bapa, na haitabadilika tena kwa namna ya kawaida, kwani kila unaponoa mgongo nao unalika pamoja na makali. Fundi ameifungia pembe hiyo ndani ya chuma.

Chukua wembe wa 6/8 wenye mgongo wa milimita 5.5. Ukipiga hesabu ya pembetatu hiyo, makali yanakuwa na pembe ya takriban nyuzi 16 na nusu, na hapo ni pazuri sana. Nyembe nyingi zinazonyoa vizuri ziko kati ya nyuzi 15 na 19. Mteja mwingine anakuja, anapenda wembe mpana, anataka 8/8. Fundi asiyefikiri anaongeza upana na kuuacha mgongo uleule wa milimita 5.5. Pembe inashuka hadi kama nyuzi 12. Makali hayo ukiyatazama siku ya kwanza ni ya kutisha kwa ukali, lakini hayana mwili wa kuyashikilia. Nywele ngumu chache tu na yanaanza kumeguka vipande visivyoonekana kwa jicho, na uso unaanza kuwaka. Ili kupata pembe ileile ya nyuzi 16 na nusu kwenye upana wa inchi nzima, mgongo unatakiwa uzidi milimita 7. Na kwa mwembamba wa 4/8 ukiweka mgongo wa 5.5, pembe inaruka mpaka nyuzi 24. Hiyo ni pembe ya kisu.

Kwa hiyo nikisema wembe wa oda huanzia mgongoni, ninamaanisha hivyo kabisa. Mteja anaposema "nataka mpana zaidi", fundi wa kweli husikia maneno mawili: mpana zaidi, na mnene zaidi mgongoni, na papo hapo anajua kwamba uzito utaongezeka, kwamba mkono wa mteja utachoka mapema, kwamba mpini itabidi ubadilike ili kusawazisha. Badiliko moja linavuta mengine yote. Fundi anayekubali kila ombi bila kukuambia litagharimu nini mahali pengine hajaanza kukutengenezea wembe.

Mafundi wengi, nitasema na hili bila kuwalaumu, hawafui bapa kuanzia mwanzo. Kuna mabapa ghafi yanayouzwa, yamekwisha kufuliwa kwa mashine kwenye kalibu, mgongo una unene wake, shina lina urefu wake, tundu limekwisha tobolewa. Fundi analinunua, analisaga, analing'arisha, analipa mpini. Ni kazi halali, na inaweza kutoa wembe mzuri mno. Lakini unene wa mgongo uliamuliwa na aliyechonga kalibu, kwa ajili ya watu elfu asiowajua. Wengine huchukua wembe wa zamani uliochakaa, wakausafisha kutu na kuuvalisha mpini mpya. Hiyo nayo ni kazi ya heshima, mimi mwenyewe ninazipenda nyembe za namna hiyo kuliko nyingi mpya, ila jina lake ni kukarabati. Wengine wana maumbo yao matatu au manne ambayo wameyajaribu kwa miaka, na wewe unachagua umbo, upana na mti. Kuna heri katika hilo, kwa sababu fundi anajua kila umbo lake linavyonyoa. Na halafu kuna yule anayeanza na kipande cha chuma kisicho na umbo lolote, akiwa amekusikiliza kwanza.

Watu huchanganya pia "kutengenezwa kwa mkono" na "kutengenezwa kwa oda". Miji iliyoujengea wembe jina, Sheffield kule Uingereza na Solingen kule Ujerumani, ilizalisha kwa mkono kwa miaka mingi sana, na karibu hakuna wembe mmoja katika wingi huo uliotengenezwa kwa ajili ya mtu fulani. Kazi ilikuwa imegawanywa: mmoja anafua, mwingine anasaga, mwingine anaunganisha mpini, kila mmoja bingwa wa kipande chake. Mikono mingi, uamuzi mmoja uliorudiwa. Jina la Solingen limelindwa kisheria tangu 1938, na ulinzi huo unahakikisha mahali na ubora, jambo kubwa, lakini hausemi lolote kuhusu uso wako. Mwanzoni mwa karne ya 20 Gillette akaleta nyembe za kutupa, hataza yake ikatolewa 1904, na soko la wembe wa kukunja likasinyaa polepole. Fundi wa peke yake tunayemzungumzia leo, anayefua, anasaga na kuunganisha mpini mwenyewe kwa ajili ya mteja mmoja, kwa kiasi kikubwa amezaliwa baada ya soko hilo kuanguka. Si mabaki ya zamani. Ni kitu kipya kilichojifunza kutoka zamani.

Turudi kwenye chuma. Ukishajua mgongo na upana, swali linalofuata ni mbavu, yaani pande mbili za bapa kati ya mgongo na makali. Wembe unaweza kuwa na mbavu karibu bapa kabisa, kuanzia mgongoni zikishuka moja kwa moja hadi kwenye makali. Nyembe za kale za Sheffield nyingi ziko hivyo, nzito, kimya, hazitikisiki. Au mbavu zinaweza kuchimbwa kwa gurudumu la kusagia ili zibonyee ndani, robo, nusu, au zichimbwe kabisa mpaka chuma kilicho juu kidogo ya makali kiwe chembamba kama utando. Gurudumu kubwa huchimba bonde pana lisilo na kina. Gurudumu dogo huchimba kina. Kwa hiyo fundi mwenye gurudumu moja tu ana aina moja ya mbavu, hata akiambiwa nini.

Wembe uliochimbwa kabisa una uhai wake. Mafundi wa kusaga huujaribu kwa ukucha: unauweka ukingo juu ya ukucha wa kidole gumba, unaegemeza kidogo sana, na unaona chuma kinapinda na kurudi, kiwimbi kidogo kinachotembea na ukucha. Kama kiwimbi ni kilekile kuanzia kisigino hadi ncha, kusagwa kulikuwa sawa. Kikikaza mahali fulani, hapo chuma ni kinene. Na ukinyoa nao, wembe huo unaimba. Sauti ni nyembamba, kama unapasua karatasi kavu polepole, na inabadilika ukipita kwenye nywele ngumu, kwa hiyo sikio lako linakuambia mambo ambayo mkono haujayahisi. Wale wa mbavu nzito hawaimbi. Wao hupita tu, kwa uzito wao wenyewe, na ngozi nyororo isiyopenda kutikiswa huwashukuru.

Upi ni bora? Hapa ndipo fundi anapaswa kukuuliza kabla hujamuuliza. Ndevu zako ni nene kiasi gani, zinakaa upande gani shingoni, unanyoa kila siku au mara moja kwa wiki, mkono wako ni mwepesi au unakandamiza? Anayekandamiza akipewa wembe uliochimbwa kabisa, chuma kile chembamba kitajikunja chini ya mkono wake na makali yatabadilisha pembe yakiwa usoni. Mwenye nywele za kujikunja zinazorudi ndani ya ngozi na kuleta vipele hahitaji wembe wa kunyoa chini kabisa. Anahitaji ule unaoacha nywele sawa na ngozi bila kuivuta juu kwanza, na mara nyingi wembe mtulivu wenye uzito wa wastani unamfaa. Maoni yangu mimi, baada ya kunoa nyembe nyingi za watu, ni kwamba mbavu zilizochimbwa nusu ndizo zinazowasamehe wengi. Ila ninasema hivyo kwa asiye na fundi. Mwenye fundi hatakiwi kuishi kwa wastani wa watu wengine.

Kuna pia umbo la makali yenyewe. Yanaweza kunyooka kama rula, au yakajikunja kidogo kama tabasamu, katikati pakiwa chini kuliko kisigino na ncha. Tabasamu hukata kwa kuteleza, jinsi unavyokata nyanya kwa kuvuta kisu badala ya kukisukuma, na hukaa vizuri kwenye bonde la taya. Lakini kuunoa kunataka mkono unaojua kuviringisha wembe juu ya jiwe, na kama wewe ndiye utakayenoa na hujawahi, fundi mwaminifu atakunyima tabasamu. Ncha nayo: ya mviringo kwa anayejifunza, maana haichomi, ya pembe kali kwa anayetaka kuchora mstari chini ya masharubu, naye atajikata sikio angalau mara moja.

Sasa moto, na hapa ndipo fundi anaweza kukudanganya bila wewe kugundua kwa miaka. Chuma cha wembe ni chuma chenye kaboni nyingi, mara nyingi karibu asilimia moja. Kuna aina inayoitwa 52100, iliyobuniwa kwa ajili ya beringi za mashine, yenye kaboni asilimia moja na kromiamu asilimia moja na nusu. Kuna O1, chuma cha kutengenezea zana, kinachopendwa na mafundi kwa kuwa hakina kiburi kinapopozwa kwenye mafuta. Kuna AEB-L ya kampuni ya Uddeholm kule Uswidi, isiyoshika kutu kirahisi, yenye kromiamu karibu asilimia 13, na hiyo ilibuniwa mahsusi kwa nyembe. Jina la chuma watu hulishangilia sana. Ukweli ni kwamba chuma cha kawaida kilichopikwa vizuri kinamshinda bingwa aliyeunguzwa, kila mara.

Chukua O1. Kinapashwa hadi kama nyuzi joto 800. Njiani, karibu nyuzi 770, chuma kinaacha kushikwa na sumaku, na fundi asiye na kipimajoto hutumia alama hiyo: akigusisha sumaku isinase, anajua amekaribia, anangoja kidogo, kisha anazamisha kwenye mafuta ya vuguvugu. Kikitoka ni kigumu kama kioo. Ukipitisha tupa inateleza juu yake bila kuuma. Kikianguka sakafuni sasa hivi kinavunjika. Kwa hiyo kinarudishwa kwenye joto dogo, karibu nyuzi 200, kwa saa mbili hivi, mara nyingi raundi mbili, mpaka uso wake uwe na rangi ya nyasi kavu iliyofifia. Ugumu unashuka kidogo, hadi kama 60 au 62 kwa kipimo cha Rockwell, na ubishi wake unaondoka.

Akizidisha moto mwanzoni, hata kwa dakika chache, chembe ndani ya chuma zinakua. Huwezi kuziona kwa nje. Fundi anayejali huweka kipande cha majaribio kutoka ubao uleule, anakipika pamoja na wembe, halafu anakivunja kwenye jiliwa na kutazama pale kilipokatika. Kikiwa kimepikwa vizuri, pale pana kijivu laini, kama majivu yaliyoshindiliwa. Kikiwa kimezidi, panameta kama sukari. Makali ni mstari mwembamba kuliko chembe nyingi hizo, na huwezi kujenga ukuta mwembamba kwa mawe makubwa. Ukimtembelea fundi ukamwona ana kopo la vipande vilivyovunjika pembeni ya tanuru, umefika mahali pazuri.

Bapa jembamba likizamishwa kwenye mafuta linapenda kupinda, kama lile nililoletewa. Kwa sababu hiyo mafundi wengi huliacha nene wakati wa moto na kulisaga hadi mwisho likiwa tayari gumu. Ni kazi ya subira. Msuguano unazalisha joto, na ukingo mwembamba hauna pa kulipeleka. Ukifika karibu nyuzi 300 chuma kinageuka buluu, na pale palipogeuka pamepoteza ugumu wake. Ndiyo maana fundi anasaga mikono mitupu, bila glavu, ndoo ya maji iko gotini, na kila mpito mmoja au miwili anazamisha. Kidole chake ndicho kipimajoto. Ubaya ni huu: buluu inaondoka kwa msasa laini kwa dakika moja. Wembe unaufikia mkono wako unang'aa, na sehemu moja ya makali, kama upana wa ukucha, haitashika ukali hata ufanye nini. Nimekutana nayo. Unanoa, inakubali; unanyoa mara moja, imelala. Hakuna mpini duniani unaotibu hilo.

Vyuma vya mawimbi, vile vinavyoitwa Damasko, nitavipitia haraka. Ni tabaka za vyuma viwili zilizounganishwa kwa moto na nyundo, kimoja chenye nikeli kinachobaki cheupe, kingine kinachogeuka cheusi kikitiwa asidi. Ni uzuri wa kweli na unataka ustadi mkubwa. Lakini mawimbi hayanyoi. Na mchoro ukifika mpaka pale mgongo unapogusa kinoo, utalika miaka ya kwanza tu, au itakubidi uuzibe kwa tepu kila unaponoa, na tepu huongeza pembe. Fundi aliyepanga vizuri huweka pambo juu ya mgongo na kuacha ukanda mtupu pembeni kwa ajili ya jiwe. Ukanda huo mtupu, wa milimita mbili au tatu, unanipa imani na fundi kuliko mawimbi yote.

Mpini basi. Nimesema karibu wote uko upande wa kutarizi, na neno "karibu" nililiweka makusudi. Vibao viwili, kila kimoja chini ya milimita tatu, vinatakiwa vijipinde kidogo kama chemchemi ili vilikumbatie bapa lisije likafunguka lenyewe mfukoni au likagusa kibao kwa ndani. Kabari ndiyo inayofanya kazi hiyo: haikai kama kipande cha mraba, imechongwa iwe nyembamba upande mmoja na nene upande mwingine, na mteremko huo ndio unaovipa vibao mvutano. Kabari isiyo na mteremko inaacha vibao vimelegea. Nyembe nyingi za kale zina kabari ya risasi, kwa ajili ya uzito. Ukiufungua wembe na kuuegemeza kwenye kidole karibu na pini, ukatulia hapo bila kuangukia upande wowote, mtu alifikiria. Pini yenyewe ni uzi wa shaba wa milimita 1.6 hivi, na hupigwa kichwa kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi kwa makumi, kila pigo likisukuma shaba pembeni mpaka ifunike washa. Mapigo mawili mazito hupinda pini ndani ya tundu, na wembe utajifunga ukiegemea upande mmoja maisha yake yote.

Mti na pembe vina tabia zao. Mpingo ni mzito hata unazama majini, haunywi maji kirahisi, na unashika mng'aro bila kupakwa chochote. Ila una mafuta yake ya asili yanayoifukuza gundi, na tangu 2017 jamii yake ya Dalbergia iko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo kuuvusha mpaka kuna taratibu zake. Pembe ya nyati hupendeza na hukauka. Isipopakwa mafuta mara kwa mara husinyaa na kupinda. Seluloidi, plastiki ya kale inayoiga gamba la kasa, huoza yenyewe kadiri miaka inavyopita na kutoa mvuke unaokula chuma kilicho karibu, na nimeshuhudia bapa zuri limetobolewa kutu katika umbo kamili la mpini uliokuwa unalilinda. Pembe za ndovu sitaki kuziona kwenye wembe mpya.

Ukitaka kuagiza, basi, sikiliza maswali ya fundi kuliko majibu yake. Je, anataka kujua mkono unaoutumia, urefu wa vidole vyako, umewahi kunyoa na wembe wa namna hii au la, na nani atakuwa anaunoa? Je, anakuambia unene wa mgongo kabla hujauliza, na kwa nini ni huo? Je, ameshawahi kukukatalia kitu? Muulize bapa linatoka wapi. Aliyenunua bapa ghafi na kukuambia waziwazi ni mtu wa kufanya naye kazi. Muulize kama huwa ananyoa na wembe kabla ya kuutuma. Wapo wanaokataa kwa sababu za usafi, na ni sawa, lakini hao nao wana njia ya kujua: wanaunoa hadi mwisho, wanaupitisha kwenye mkanda wa ngozi, na unywele mmoja ulioshikwa kwa vidole ukiangushiwa juu ya makali unakatika wenyewe bila kusukumwa, kisiginoni, katikati na nchani.

Ukikufikia, usianze na mpini. Ufungue, ushike dhidi ya mwanga, tazama makali kwa mbele kama unavyotazama ubao uone kama umepinda. Tazama ule mstari mwembamba unaong'aa ambapo jiwe limegusa, upande huu na upande ule, uone kama una upana mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ufunge polepole uone makali yanaingia katikati ya vibao. Halafu chukua kalamu ya wino mzito, paka makali na ukingo wa mgongo, laza kwenye kinoo laini, sukuma mara moja tu bila nguvu, na uutazame wino. Yule mwenye wembe wa mpingo aliuagiza wa pili baadaye, kwa fundi mwingine, na kabla ya kumlipa alizungumza naye kuhusu ndevu zake kwa karibu saa nzima. Aliuleta kwangu bado umefungwa kwenye karatasi. Tulipaka wino, nikasukuma mara moja, na wino ukaondoka wote, kisigino hadi ncha, pande zote mbili.